Maoni: Jina la Goma lina wenyewe, jina la Mpofi bado halina mtu

Mpofi, mahali ambapo Masisi na Walikale zinakutana – Habari siku hizi inatafutwa kwa simu moja na watu watano. Mwenye simu anapanda kilimani pale rezo inaposhika, anafungua mega chache alizonunua, na anaandika maneno mawili: "Masisi leo". Wenzake wanasimama nyuma ya bega lake. Orodha ya video inatokea. Hakuna anayeshuka hadi ya kumi. Inafunguliwa ya kwanza, maana mega hazitoshi kwa ya pili, na betri nayo inaisha.

Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo. Video ikiwa mbaya anaifunga na kufungua nyingine. Kwa familia iliyokimbia ikaacha mihogo shambani na mzee nyumbani, video ya kwanza inaweza kuamua kama watarudi kijijini kesho asubuhi au watafunga mizigo tena usiku huu. Kichwa kikisema "VITA VIMEISHA MASISI", kuna mama atakayebeba jembe na kurudi. Kichwa kikisema "WALIKALE YAWAKA MOTO", kuna baba atakayeacha maharagwe yaliyokaribia kuvunwa. Huenda wote wawili wamemwamini mtu ambaye hajawahi kukanyaga huku.

Ndiyo sababu swali la nani anakaa juu katika orodha ya YouTube haliwahusu tu vijana wanaotafuta umaarufu. Linawahusu wakimbizi wa ndani, wenyeji wanaowapokea, na ndugu walio Kampala, Nairobi au Marekani ambao wanatuma pesa ya chakula kulingana na walichokiona kwenye simu. Na ukweli unaopaswa kusemwa ni huu: vijana wanaopiga video katika Masisi na Walikale wanashindana pale wasipoweza kushinda, na pale wanapoweza kushinda wamepaacha wazi. Wanagombania "Goma", "Congo" na "M23". Wangeshika "Mpofi", "Kashebere", "Nyabiondo" na "Kibua", wangekaa juu, na wangewafaa watu wao.

Orodha inapangwaje

Wengi wanaamini kwamba video inakaa juu kwa sababu mwenyewe amelipa. Sivyo. YouTube, iliyoanza 2005 na kununuliwa na Google 2006, inasema wazi kwamba haipokei pesa ili kupandisha video katika matokeo ya kawaida ya utafutaji. Matangazo ya kulipia yapo, lakini yanaandikwa kuwa ni matangazo. Kwa hiyo mtu anayemwambia kijana "nipe dola kidogo nikupandishe uwe wa kwanza" anauza hewa. Mara nyingi anachouza ni watazamaji wa bandia, na hao wamekatazwa na YouTube yenyewe. Video inaweza kuondolewa, na pesa imekwisha kuliwa.

Kuna mambo matatu ambayo YouTube inasema inayapima. La kwanza ni kama video inalingana na maneno yaliyoandikwa: kichwa chake, maelezo yake, na yaliyomo ndani. La pili ni kama watu walioandika maneno hayo wanabaki kutazama. Tangu 2012 YouTube iliacha kuhesabu mibofyo peke yake ikaanza kupima muda ambao mtu anakaa na video. La tatu ni kuaminika kwa chaneli, na hili lina uzito zaidi kwa mambo ya habari. Juu ya hayo, YouTube inaangalia pia mtu mwenyewe alitafuta na kutazama nini siku zilizopita. Hivyo simu mbili zilizo mkononi mwa ndugu wawili zinaweza kuleta orodha mbili tofauti kwa neno lile lile.

Sasa liweke jina la Goma kwenye mizani hiyo. Siku ambayo kuna jambo kubwa Goma, jina hilo linatafutwa dunia nzima. BBC, France 24, Al Jazeera na DW wote wanapakia video yenye jina hilo ndani ya saa chache, na wote wamejenga jina kwa miaka mingi. Kijana mwenye chaneli ya watu mia mbili, anayesubiri rezo ishike ili video ipande, hawezi kuwapita hapo, hata kama yeye ndiye aliyekuwa karibu na tukio. Akichelewa nusu siku, nafasi zimejaa. Akiwahi, mizani ya kuaminika inamshusha.

Halafu jina lenyewe halikai peke yake. "Goma" kwa Kihispania ni mpira au gundi, na kwa Kijapani ni ufuta. Mji wa Sake una shida kubwa zaidi: anayeandika "Sake" bila neno jingine huletewa pombe ya mchele ya Wajapani. "Kibua" kwa watu wa pwani ya Kenya na Tanzania ni samaki, na mapishi ya vibua hayakosekani. Hata jina la Walikale, ambalo zamani lilijulikana na wachache, liliingia katika habari za biashara za dunia mwezi wa Machi 2025, pale mgodi wa bati wa Bisie uliposimamisha kazi kwa sababu ya vita kabla ya kuanza tena Aprili. Mama anayetafuta habari ya kijiji cha mama yake mzazi anakutana na bei ya bati.

Wanaoshindwa kupita njia hiyo kwa haki wanajaribu njia nyingine: kupiga kelele. Kichwa kinaandikwa kwa herufi kubwa. Picha ya mbele inawekwa mizinga na moto, hata kama ndani ni mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti akisoma alichokiona kwenye WhatsApp. Maneno "hivi punde" yanabandikwa kwenye jambo la mwezi uliopita. Hapo ndipo wasiwasi wa familia unapogeuzwa kuwa mtaji.

Pengo lisilo na mwenyewe

Mwaka 2018 watafiti wawili, Michael Golebiewski na danah boyd, walieleza jambo ambalo watu wa Mpofi wanaliishi bila kulipa jina. Walisema kuna maneno ambayo watu wanayatafuta lakini hakuna mtu aliyeweka jibu zuri. Hayo ni mapengo. Kwa siku za kawaida pengo halionekani, kwa sababu wachache wanalitafuta. Likitokea jambo la ghafla, watu wengi wanaandika neno hilo kwa mara moja, na aliye wa kwanza kuweka chochote, kiwe kweli au uongo, ndiye anayekaa juu.

Mpofi ni pengo la namna hiyo. Kashebere ni pengo. Vijiji vingi kati ya Masisi na Walikale ni mapengo. Siku za utulivu hakuna anayeona haja ya kupakia video ya soko la Mpofi. Siku ya milio ya risasi, mtu aliye mbali anaweka video yenye jina Mpofi juu ya picha za mahali pengine, na kwa kuwa hakuna nyingine, ndiyo hiyo inayotokea. Haijashinda mtu yeyote. Ilikuta kiti kitupu ikakaa.

Na majina ya huku yanachanganya hata mtu mwenye nia njema. Kuna Kibati ya wilaya ya Nyiragongo, kaskazini kidogo ya mji wa Goma, ambayo watu wanaikumbuka kwa kambi za mwaka 2008. Kuna Kibati nyingine wilayani Walikale, mbali kabisa na ile. Video yenye kichwa "Vita Kibati" bila neno la pili inatia hofu familia mbili kwa tukio moja. "Masisi" nayo inaweza kuwa wilaya nzima au Masisi-centre peke yake. "Walikale" vivyo hivyo. Mtu akisema "Walikale imetulia" akiwa na maana ya mji mdogo wa Walikale-centre, aliye na ndugu porini upande mwingine wa wilaya anaweza kusikia kwamba njia zote ziko wazi.

Kuna pia hatari ambayo watu wanaisahau, ya video iliyokuwa kweli. M23 waliingia Goma tarehe 20 Novemba 2012 na kutoka mwanzoni mwa Desemba mwaka huo. Waliingia tena mwishoni mwa Januari 2025. Picha za watu wakikimbia na magodoro kichwani mwaka 2012 zinafanana sana na za 2025: barabara ile ile, mlima ule ule nyuma. Walikale-centre nayo ilichukuliwa na M23 tarehe 19 Machi 2025, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Video iliyosema "Walikale imechukuliwa" ilikuwa sahihi siku hiyo. Wiki chache baadaye haikuwa sahihi tena, lakini ilibaki pale pale mtandaoni, na kama ilikuwa imetazamwa saa nyingi ilikuwa na nguvu ya kukaa juu kuliko video mpya ya mtu mdogo. Mtambo unajua video imependwa kiasi gani. Haujui kwamba hali ya kijiji imegeuka.

Kinachoweza kufanywa kwa simu moja

Ushindi kwenye majina madogo hauhitaji kamera ya bei wala studio. Unahitaji adabu ya kazi, na hatua zake ni chache.

Kwanza, jina la mahali lianze kichwa, na lifuatane na wilaya. "Kibua, Walikale" haitachanganyika na samaki. "Sake, Masisi" haitachanganyika na pombe. YouTube inaruhusu kichwa cha hadi herufi 100, lakini kwenye skrini ndogo ya simu mwisho wa kichwa kirefu unakatwa. Kilicho muhimu kikae mbele.

Pili, tarehe iwe ndani ya kichwa, pamoja na mwaka. Tarehe ambayo YouTube inaonyesha ni ya kupakiwa, wala haisemi video ilipigwa lini. Mtu anaweza kupakia leo picha za mwaka 2012. Anayeandika tarehe ya kupiga kwa mkono wake, na kuitamka kwa sauti mwanzoni mwa video, amejifunga mwenyewe kwenye ukweli. Anayekataa kuiandika, watazamaji wajiulize kwa nini.

Tatu, kichwa kitumie maneno ambayo watu wenyewe wanayaandika. Mtu wa Mpofi aliyekimbilia mbali hatafuti "uchambuzi wa mienendo ya kiusalama". Anaandika "njia ya Walikale imefunguka?", "bei ya chumvi", "masomo yameanza?", "kituo cha afya kina dawa?". Njia rahisi ya kujua maneno hayo ni kuandika jina la kijiji kwenye sehemu ya kutafuta na kuangalia maneno ambayo YouTube yenyewe inayapendekeza. Njia bora zaidi ni kusikiliza maswali ya watu sokoni na kwenye foleni ya maji.

Nne, majina yaandikwe kwa namna zote watu wanazotumia. Kitshanga inaandikwa pia Kitchanga na Kichanga. Nyabiondo wengine wanaiandika Nyabyondo. YouTube inasema lebo zile za pembeni hazina uzito mkubwa, isipokuwa kwa majina ambayo watu wanayakosea mara kwa mara. Majina ya Masisi na Walikale ni hayo hasa. Namna zote ziwekwe kwenye lebo, na mbili au tatu ziingie kwenye maelezo kwa sentensi ya kawaida.

Tano, video isiwe ndefu bila sababu. Jibu liwe katika sekunde za mwanzo: mahali, siku, jambo. Wapo wanaoogopa kwamba wakilisema jibu mapema watu wataondoka. Kinyume chake hutokea kwa mtu mwenye mega chache: akizungushwa na salamu, muziki na maombi ya kujiunga, anafunga. Na kila anayefunga baada ya sekunde kumi anauambia mtambo kwamba video hiyo haikujibu swali. Kama video ina habari za vijiji vitatu, maelezo yaandikwe kwa dakika zake, kuanzia 0:00, ili wa Nyabiondo aende moja kwa moja kwenye Nyabiondo.

Sita, na hili ndilo linaloachwa na karibu kila mtu: kurudi kwenye video za zamani. Kichwa na maelezo vinaweza kubadilishwa bila kufuta video. Hali ikigeuka, mwenye video ya "njia iko wazi" arudi aandike juu yake: "Habari hii ni ya tarehe fulani. Hali imebadilika. Tazama mpya", na aweke kiungo. Ni kazi ya dakika mbili. Inaweza kuokoa safari ya mtu.

Saba, siku za utulivu zifanyiwe kazi. Anayepakia video ya soko, ya mvua iliyokata daraja, ya kuanza kwa masomo, ya bei ya mafuta ya ngazi, anajaza pengo kabla uongo haujafika. Siku ya hatari ikija, jina la Mpofi litakuwa tayari na sura ya mtu anayejulikana, na yule wa mbali atakuta kiti kina mtu.

"Lakini tutakula nini?"

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Watasema video ya kweli kuhusu Mpofi itatazamwa na watu mia mbili, wakati video ya kelele kuhusu M23 itatazamwa na laki. Watasema kijana naye ana tumbo. Watasema kwamba ili chaneli ianze kugawana pesa kamili ya matangazo YouTube inataka waliojiunga 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na saa hizo hazipatikani kwa bei ya chumvi.

Ni kweli kwamba jina dogo halitajirishi haraka. Lakini hesabu ya laki ni ya wachache waliokwisha kukaa juu. Kijana wa hapa anapoandika kichwa cha kelele hapati laki. Anapata watazamaji wachache vile vile, wengi wao wanaondoka haraka, na anabaki na aibu kijijini. Amelipa bei ya uongo bila kupokea faida yake. Upande wa pili, wale mia mbili wa Mpofi wanatazama hadi mwisho, wanatuma kiungo kwa ndugu zao, wanarudi wiki ijayo. Chaneli ndogo zinakua kwa watu wanaorudi.

Na kuna pesa nyingine isiyotoka YouTube. Mtu anayejulikana kwamba akisema "daraja limekatika" ni kweli limekatika, ndiye anayeitwa na redio, na mashirika ya misaada, na wafanyabiashara wanaotaka kujua kama lori litapita. Jina jema huku linatembea kwa mguu, lakini linafika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: usalama. Kupiga video huku kunaweza kumponza anayepiga na anayepigwa. Hakuna nafasi ya kwanza mtandaoni inayostahili uhai wa mtu. Kwa hiyo mipaka iwe wazi. Sura za waliokimbia zisionyeshwe bila ridhaa yao, na za watoto zisionyeshwe kabisa. Mahali watu wamejificha pasitajwe. Njia wanayopita wanaokimbia isitangazwe wakati bado wanapita. Mikao ya wenye silaha, wa upande wowote, isipigwe. Kinachofaa kutangazwa ni kile ambacho soko zima limekwisha kukijua: shule imefungua, maji yamekatika, bei imepanda, msaada umefika au haujafika. Kama jambo haliwezi kusemwa bila kumhatarisha mtu, lisisemwe. Pengo linaloachwa kwa ajili ya uhai si aibu.

Zamu ya msikilizaji

Mzigo wote usiwekwe juu ya wapiga video. Orodha inapangwa pia na vidole vya watazamaji. Kila anayebofya kichwa cha kelele na kukitazama hadi mwisho, hata kwa hasira, amekisukuma juu. Kila anayekituma kwenye kundi la WhatsApp "ili watu waone uongo huu" amekisukuma tena.

Kabla ya kufunga mizigo au kurudi shambani kwa sababu ya video, kuna maswali manne ya kuuliza. Imepigwa lini, wala si kupakiwa lini? Inasema kijiji gani cha wilaya gani? Anayesema yuko hapo, au anasimulia alichosikia? Na picha zinazoonekana ndizo za jambo linalosemwa? Video isiyojibu hata moja isimwamshe mtu usiku.

YouTube ina sehemu ya kuchuja matokeo, inayoweza kumwonyesha mtu video zilizopakiwa leo au wiki hii peke yake. Wengi hawajawahi kuigusa. Kuandika jina la kijiji pamoja na la wilaya, kisha kuchuja kwa wiki hii, kunaondoa taka nyingi kwa mega zile zile. Mwenye simu yenye nguvu ndogo achague ubora wa chini kabisa wa picha. Habari ya njia haihitaji picha safi.

Na hapo redio inabaki na kazi yake. Wengi wa walio katika maeneo ya wakimbizi hawana simu ya intaneti, na walio nayo hawana mega kila siku. Redio za jamii zinaweza kuchukua dakika tano kwa siku kusoma kwa sauti kinachozunguka mtandaoni kuhusu vijiji vya karibu, na kusema hiki kimehakikishwa, hiki bado, hiki ni cha mwaka 2012. Mpiga video na mtangazaji wakishikana, aliye kilimani na simu na aliye bondeni na redio wanapata habari moja.

Vijana wa Masisi na Walikale waache jina la Goma kwa wenye mabavu ya kulibeba. Wakianza wiki hii, watano tu, kila mmoja na kijiji chake, kila mmoja na tarehe kwenye kichwa, anayepanda kilimani kuandika "Mpofi" atakutana na mtu wa Mpofi. Na kabla ya kupakia video mpya, kila mmoja afungue zile za zamani alizokwisha kuweka, aangalie ipi bado inasema njia iko wazi wakati haiko.